Mbuzi dola 249, kamba dola 99: kisa cha memori kadi ya PS Vita

Juni 2011, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 mjini Los Angeles, Sony walitaja bei ya mashine yao mpya ya gemu ya mkononi na watu wakashangilia. PlayStation Vita ingeuzwa dola 249.99 ile ya WiFi peke yake, na dola 299.99 ile ya kuweka laini ya 3G. Kwa kioo cha OLED cha inchi 5, vijiti viwili vya kuongozea na picha zilizoanza kunusa zile za PlayStation 3, bei hiyo ilikuwa kama mtu amekosea kuandika. Nintendo 3DS, mashine ya mkononi ya washindani wao iliyoingia sokoni mapema mwaka huohuo, ilikuwa inauzwa Marekani kwa 249.99 hizohizo, na kwa nguvu haikuifikia Vita hata magotini.

Bei ya memori kadi, kile kipande cha kuhifadhia gemu, ilikuja kujulikana miezi kadhaa baadaye. Ndipo watu walipogundua kwamba wameuziwa mbuzi, na kamba inauzwa duka jingine.

Nianze na hesabu, maana bila hesabu kisa hiki kinageuka malalamiko ya wacheza gemu, na sisi wacheza gemu tunalalamikia hata mvua. Vita ya kwanza, ile iliyotoka Japani tarehe 17 Desemba 2011 na kufika Marekani na Ulaya Februari 2012, haikuwa na hifadhi ya ndani ya mtumiaji. Ukitaka kupakua gemu, lazima kadi. Na si kadi yoyote: ilikuwa aina mpya kabisa, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, inayoingia kwenye Vita tu na kwingine kokote haiingii. Si kwenye simu, si kwenye kamera, si kwenye kompyuta, wala si kwenye PSP, mashine ya mkononi ya kampuni ileile iliyoitangulia.

Marekani kadi ya 4GB iliuzwa dola 19.99, ya 8GB dola 29.99, ya 16GB dola 59.99, ya 32GB dola 99.99. Gawanya uone. Kwenye kadi ndogo kabisa unalipa karibu dola 5 kwa kila GB. Kwenye ya 8GB unalipa 3.75. Kwenye ya 16GB unalipa 3.75 vilevile, yaani umenunua mara mbili na hujapunguziwa hata senti ya jumla. Kwenye kubwa kuliko zote unashuka hadi dola 3.12. Anayenunua mkaa kwa kopo anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Gunia ni nafuu, ila gunia linataka pesa ya gunia kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa ghali kuliko wote kwa kila kipande cha mkaa. Tofauti ni kwamba mwenye mkaa wa kopo akikuudhi unavuka barabara kwa mwenzake. Hapa hapakuwa na wa kuvukia.

Sasa chukua ile ya 32GB. Bei yake ni asilimia 40 ya bei ya mashine nzima. Mashine na kadi pamoja zinafika 349.98. Wakati huohuo, baada ya punguzo la Agosti 2011, PlayStation 3 yenye diski ya 160GB ilikuwa inauzwa 249.99. Kampuni ileile, kaunta ileile: dola 250 zinakupa mashine ya sebuleni yenye 160GB ndani yake, dola 350 zinakupa ya mkononi yenye 32. Japani mambo hayakuwa tofauti: Vita ya WiFi yen 24,980, kadi ya 32GB yen 9,500. Kadi ya kawaida ya microSD yenye ujazo huo ungeipata kwa chini ya nusu ya hapo, na kila mwaka ilikuwa inashuka.

Kwa nini walifanya hivyo

Maelezo ya Sony yalikuwa usalama, pamoja na kuhakikisha gemu zinakwenda kwa kasi ileile kwa kila mtumiaji. Sitaki kuyapuuza, kwa sababu la usalama lina historia ya kweli nyuma yake.

PSP ilitoka Japani Desemba 2004 na ikaliwa na gemu za wizi mpaka mifupa. Gemu zake rasmi zilikuja kwenye diski ndogo za UMD, lakini baada ya muda mfupi mafundi walishajua kuichota gemu kutoka kwenye diski na kuiweka kama faili kwenye Memory Stick, memori kadi ya Sony wenyewe. Huku kwetu aliyekuwa na PSP anakumbuka utaratibu: unaiacha dukani na Memory Stick yako, unarudi jioni, unakuta magemu kumi ambayo hukuyaona hata kwenye boksi. Mwaka 2007 ikaja mbinu iliyojulikana kama betri ya Pandora. Unachukua betri ya PSP, unaibadilisha kidogo, unaiweka pamoja na Memory Stick iliyoandaliwa maalumu, na mashine inajiwasha katika hali ya matengenezo ya kiwandani. Kuanzia hapo unaiwekea programu endeshi unayoitaka. Yaani kwenye PSP tundu la memori kadi lenyewe ndilo lililokuwa mlango wa kuingilia. Mhandisi aliyelipita tukio hilo akapewa kazi ya kubuni mashine inayofuata, usishangae akitaka kuliziba tundu hilo kwa zege.

Kwa hiyo hofu ilikuwa halali. Ninachokataa ni kwamba hofu hiyo ilihitaji kadi ya dola 100.

Ushahidi uko nyumbani kwao wenyewe. PlayStation 3, kuanzia ilipotoka mwaka 2006, ilimruhusu mwenye mashine kuifungua kwa bisibisi, kuitoa diski iliyokuja nayo na kuweka diski yoyote ya SATA ya inchi 2.5, ya kampuni yoyote, ileile ya laptopu. Usalama haukutegemea umbo la diski. Mashine yenyewe inayafunga kwa msimbo kila inachokiandika humo, ukiichomoa na kuipeleka kwenye kompyuta unakuta takataka tupu. Mwaka 2013 PlayStation 4 ikaja na ruhusa ileile ya kubadilisha diski. Nintendo nao kwenye 3DS walitumia kadi ya SD ya kawaida, na ndani ya boksi wakakuwekea moja ya 2GB. Kufunga data kwa msimbo kunafanyika kwenye programu na kwenye chipu ya mashine. Plastiki ya kadi haina kazi hapo.

Hoja ya kasi ina uzito kiasi, maana kadi za SD za vichochoroni zinatofautiana mno na gemu ikikwama mteja anamlaumu mwenye mashine. Lakini kwa hilo unaweka kiwango cha chini cha kasi na kuiacha kampuni yoyote inayokifikia iuze. Ndivyo Sony walivyofanya miaka kumi baadaye kwenye PlayStation 5: Septemba 2021 walifungua nafasi ya kuongezea diski ndogo ya ndani, aina ya M.2, wakataja kasi wanayoitaka, na soko likafanya yaliyobaki.

Kinachobaki ni fedha na mazoea. Mazoea, kwa sababu Sony ni kampuni iliyopenda sana kuwa na kadi yake. Memory Stick ilizaliwa mwaka 1998, ikafuatiwa na ukoo mzima wa wadogo zake, Duo, Pro Duo, Micro, huku dunia nzima ikihamia kwenye SD. Januari 2010 Sony walikubali yaishe, wakatangaza kwamba nao watauza kadi za SD. Haukupita muda, Desemba ya mwaka uliofuata, upande wa gemu wa kampuni hiyohiyo ukatoka na kadi mpya isiyoingiliana hata na Memory Stick. Ukoo ulipata kitinda mimba wakati wazee wameshafunga uzazi.

Na fedha: ukitaka kutangaza bei inayomshtua mshindani jukwaani, kuna mahali utazirudishia. Printa inauzwa bei ya kutupa, wino unauzwa kama manukato. Hiyo ni biashara ya kawaida na siioni kuwa dhambi. Tatizo la Vita ni kwamba walikosea mtu wa kumkamua.

Aliyeumia ni mteja bora

Fikiria wateja wawili. Wa kwanza ananunua gemu chache kwa mwaka, na zote ni za vibati, vile vidogo vya plastiki vyenye gemu ndani yake vinavyouzwa madukani. Huyu memori kadi ya 4GB inamtosha. Gemu nyingi za aina hiyo zilitengewa sehemu ndogo humohumo kwenye kibati kwa ajili ya kuhifadhi mchezo, ingawa nyingine zilikataa kabisa kuhifadhi bila memori kadi, na hapo hata mtu wa vibati alijikuta kaunta.

Mteja wa pili ni yule ambaye kila kampuni ya gemu inamwota: ananunua moja kwa moja kwenye duka la mtandaoni. Hakuna gharama ya kibati, hakuna boksi, hakuna mwenye duka wa kugawana naye faida, wala hawezi kumwuzia rafiki yake gemu akishaimaliza. Huyo ndiye wa kubembelezwa, wa kupewa hifadhi hata bure. Huyo ndiye aliyewekewa ushuru wa dola 100 getini, na akijaza 32GB anunue nyingine, kisha awe anazibadilisha kama mtu mwenye laini nne na simu ya laini moja.

Novemba 2012 ndipo kichekesho kilipokamilika. Huduma ya PlayStation Plus ilifika kwenye Vita: unalipa ada ya mwaka, unapewa gemu za kupakua kila mwezi. Zawadi nzuri. Ila gemu kubwa ya Vita inakula GB mbili, tatu, hata zaidi, na mwenye kadi ya 8GB alijaza ghala lake kabla hajazoea kusema asante. Alipewa magunia ya mahindi na mtu yuleyule anayeuza ghala, kwa bei anayoipanga mwenyewe.

Kulikuwa na njia ya kuepuka: kuhamishia gemu kwenye kompyuta. Lakini kadi haikusomeka kwenye kompyuta yoyote. Ilibidi uweke programu ya Sony, uunganishe waya, uhamishe, ukitaka kuicheza uirudishe. Nimewahi kufanya hivyo mara kadhaa. Ni kazi ya mtu asiye na watoto.

Halafu kuna suala la akaunti, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa baya kuliko bei. Vita moja ilibeba akaunti moja, na kadi ikafungwa na akaunti hiyohiyo. Ukitaka kutumia akaunti nyingine unairudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani, na kadi ya awali ama unaifomati ama unaiweka pembeni na kutafuta nyingine. Kwa Mmarekani mwenye akaunti moja maisha yake yote hilo si kitu. Kwetu ni habari nyingine. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation, kwa hiyo kila mtu huku anatumia akaunti ya kuazima uraia: ya Marekani, ya Uingereza, ya Afrika Kusini. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai angalau nchi zao zimo. Mtu wa hivyo anajikuta na akaunti mbili bila kutaka, moja ya duka lenye bei nzuri na nyingine ya duka anakoweza kulipia, na kwenye Vita akaunti mbili maana yake ni kadi mbili. Aliyenunua mashine ya mtumba kutoka Ghuba au Japani naye aliikuta kadi imefungwa na jina la mwenye mali wa kwanza. Akitaka kutumia akaunti yake anafuta kila kitu.

Punguzo na kisanduku cha 1GB

Agosti 2013, kwenye maonyesho ya Gamescom, Sony walishusha Vita hadi dola 199.99 na kadi zikashuka pamoja nayo: 14.99, 19.99, 39.99 na 79.99. Rudia hesabu utaona kitu cha kuchekesha. Kadi ya 8GB, ya 16GB na ya 32GB zote sasa zinatoka dola 2.50 kwa GB, bila tofauti, kama vile mtu amekaa na kikokotoo akachagua namba moja na kuizidisha. Ya 4GB peke yake imebaki juu, karibu 3.75. Mnunuzi wa kopo bado analipia kopo. Na iliyopungua kidogo kuliko zote kwa asilimia ni ya 32GB, asilimia 20 tu, wakati 8 na 16 zilishuka kwa theluthi nzima. Mteja mkubwa, yule wa kupakua, ndiye aliyepata nafuu ndogo.

Mwaka huohuo Japani ikapata kadi ya 64GB, ikauzwa pia sehemu nyingine za Asia. Wamarekani walioitaka wakati huo waliiagiza kutoka huko.

Ikaja pia Vita nyembamba, ya pili, na safari hii waliweka hifadhi ya ndani ya 1GB. Moja. Na ukichomeka memori kadi, hiyo 1GB inajizima. Huwezi kuzitumia pamoja. Nimejaribu kumtetea aliyeamua jambo hili nimeshindwa. Pengine ilikuwa kwa ajili ya wale wa vibati, wapate pa kuhifadhi mchezo bila kununua kadi, na kwa hao ni kweli ilisaidia. Kwa wengine ni kama kuongezewa chumba ambacho mlango wake unafungwa siku ukileta kitanda.

Je, kadi ndiyo iliyoiua Vita? Hapana, na ninaona watu wengi wanaisukumia kadi lawama zote kwa sababu ni rahisi kuichukia. Simu zilishaanza kula muda wa watu. Gemu kubwa za kampuni yenyewe zilikatika mapema. Nintendo, baada ya kuyumba mwanzoni, walishusha 3DS hadi dola 169.99 Agosti 2011, kabla Vita haijaonekana dukani, na mwisho wa yote wakauza zaidi ya milioni 75. Sony waliacha kutoa hesabu ya Vita peke yake, wakawa wanaijumlisha na PSP. Lakini weka hizo mbili kwenye kaunta Februari 2012 mbele ya mzazi: hii dola 169.99 na kadi ndani yake, hii 249.99 na bado hujaanza kununua kadi. Pengo la dola 80 lililoandikwa kwenye boksi likawa dola 110 kwa kadi ya 8GB, na likafika 180 kwa kadi kubwa. Mzazi huyo hajali OLED.

Mwizi alipita wapi

Mwishoni mwa Julai 2016 kundi la wadukuzi lilitoa HENkaku, njia ya kwanza ya kuifungua Vita kikamilifu ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia, kwa mashine zenye programu endeshi ya 3.60. Namna ilivyofanya kazi ndiyo inayonifanya niandike kisa hiki. Mtumiaji alifungua kivinjari cha intaneti cha Vita yenyewe, akaenda kwenye ukurasa mmoja, akabonyeza. Basi. Udhaifu ulikuwa kwenye kivinjari. Memori kadi ya ghali, yenye umbo lake la pekee na kufuli zake, haikuguswa. Mlango uliwekewa komeo la dhahabu, na kila mgeni akatozwa pesa ya komeo. Mwizi akapita dirishani.

Na wengi waliopita dirisha hilo walikimbilia wapi kwanza? Kwenye hifadhi. Mwaka 2017 ikaanza kusambaa adapta iitwayo SD2Vita. Ni kipande cha saketi chenye umbo la kibati cha gemu, hakina akili yoyote ndani yake, kinaunganisha tu nyaya za microSD na zile za tundu la gemu, kwa sababu vibati vya Vita vilikuwa vinazungumza na mashine kwa lugha iliyo karibu sana na ya kadi za kawaida. Pamoja na programu ndogo ya kuiambia mashine ikubali, microSD ya 128GB au zaidi inakuwa hifadhi. Adapta yenyewe ni dola chache. Teknolojia ya kutumia kadi za bei nafuu ilikuwa imekaa ndani ya mashine tangu siku ya kwanza, kwenye tundu la jirani.

Siwezi kusema kila aliyeidukua Vita alitaka kadi ya nafuu tu. Wako waliotaka gemu za bure, kama enzi za PSP, na tusiwasafishe. Lakini nimekutana na watu wenye maktaba waliyoilipia kihalali kwenye duka la Sony, gemu 60, 80, waliovunja kufuli ili wapate pa kuziweka zote kwa pamoja. Mteja mwaminifu akipewa sababu ya kujifunza kazi ya mwizi, kufuli limefanya kinyume cha kazi yake.

Sony walisimamisha utengenezaji wa Vita Japani Machi 2019. Kadi zilizobaki sasa zinazunguka mtumba, na 64GB ndiyo lulu, ikiuzwa mara kadhaa ya bei ya microSD yenye ujazo mkubwa zaidi. Nyingine zinakufa ghafla na kila kilichokuwamo.

Na ukiiona Vita mkononi mwa mtu leo, chungulia tundu la juu, lile la kuingizia gemu zilizonunuliwa dukani. Mara nyingi limezibwa, na ndani yake kuna adapta ya plastiki na microSD ya kampuni nyingine. Akitaka kucheza gemu ya kibati inabidi aizime mashine kwanza na kuichomoa hifadhi yake, kwa hiyo hanunui vibati.